SAMAKI WA UKUTANI

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama mbele ya wanachama, Lupiro, katika siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Desturi ya hotuba kama hii ni kuhesabu magunia. Hesabu hizo mtazisikia kwa Mweka Hazina, nazo zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, basi hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tuliokabidhiwa kalamu ya Chama tumeona heri tuseme juu ya jambo moja dogo, ambalo kila aingiaye ukumbini humu hutuuliza. Huko ukutani, juu ya meza ya Mwenyekiti, pana ubao wa mninga uliopigwa randa vizuri. Una misumari miwili, wala hapana kitu kilichotundikwa juu yake. Kando ya ubao huo, leo, pametundikwa kitambaa cheupe chenye sura nyeusi ya samaki. Watu huuliza: "Ubao huo ni wa nini? Na samaki huyo wa masizi amefikaje hapo?" Leo tutajibu, ijapokuwa jibu lenyewe lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yetu sisi wa ofisini.

Ndugu wanachama, sisi watu wa bonde hili ni wakulima wa mpunga, lakini tu watu wa samaki pia. Mito ya Mnyera na Ruhudji huungana ikafanya mto Kilombero. Kilombero nao hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapoanza. Masika yakijaa, mto hupanda ukalala juu ya mbuga. Maji yakishuka, huacha madimbwi na vijito vyenye kambale na perege. Ndugu zetu Wandamba ni mabingwa wa mtumbwi na mtego tangu zama za mababu, na wengi wetu tuliokuja nyuma yao tulijifunza kwao. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, kwa ukubwa wa karibu hekta 800,000. Kwa hiyo tukisema juu ya samaki mmoja, tunasema juu ya mali ya nyumbani kwetu.

Katika mto wetu yumo samaki wa meno. Wageni humwita taiga, yaani chui milia, kwa sababu ya mistari myeusi ya mbavuni na kwa sababu ya meno yake, ambayo huonekana nje hata akifumba kinywa. Mwaka 1986 wataalamu walimtenga na ndugu zake wa mito mingine wakampa jina lake mwenyewe, Hydrocynus tanzaniae, jina lenye nchi yetu ndani yake. Huyo ndiye samaki wa habari hii.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa Chama, maji yakishuka baada ya masika. Mwanachama mmoja wa hapa, ambaye kwa ombi lake hatumtaji jina, alimpata samaki wa meno ambaye wengi wetu hatukuwa tumeona mfano wake. Alimleta ofisini kwetu kumpima, kwa kuwa mizani ya Chama ilikuwa imekaguliwa na kupigwa muhuri, nao wachuuzi waliiamini. Samaki akatimia kilo 8 na robo. Mwenye samaki alikuwa amekwisha kupatana na mchuuzi wa Ifakara, na fedha zile alizipangia kazi: sare na madaftari ya mtoto wake, aliyechaguliwa kuingia sekondari.

Sisi tulipomwona samaki yule tulipatwa na tamaa. Wala si tamaa ya tumbo, bali tamaa ya sifa. Mmoja wetu alikuwa ameona vichwa vya nyati na vya sheshe vilivyotundikwa katika nyumba za wawindaji. Akasema, "Chama chenye samaki kama huyu ukutani kitaheshimiwa na kila mgeni." Sote tukaafiki. Tukamwambia mwenye samaki, "Bwana, mwachie Chama; Chama kitakulipa." Naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima, na kwa kuwa maneno hayo yalitoka kwa viongozi aliowachagua kwa kunyosha mkono wake, akamwacha. Hatukuandika kitu. Hatukutaja bei. Wala hatukumwuliza mara ya pili kama ameridhika.

Kisha tukaanza kazi tusiyoijua. Tulimpasua samaki tumboni kama wapasuavyo wakausha samaki, tukamtia chumvi nyingi, tukamwanika juani juu ya bati. Seremala akaleta ubao wa mninga. Siku ya tatu mapezi yalijikunja kama majani ya tumbaku. Siku ya tano macho yalizama, na kichwa kikasinyaa hata meno yakaonekana kama ya mzee anayecheka. Tulipompigilia ubaoni, upande uliopasuliwa ulikuwa mbele ya watu, nao mkia ulikwisha kuvunjika. Haikupita juma moja mafuta yakaanza kutiririka ukutani. Sisimizi wakaja mchana, panya wakaja usiku, na mnunuzi wa mpunga aliyefika kuzungumza bei alizungumza akiwa ameshika pua. Siku ya kumi na nane tulimtupa shimoni. Ubao ukabaki.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa ya kuchekesha tu. Lakini mwenye samaki alikuwa bado hajalipwa. Alikuja ofisini mara ya kwanza, tukamwambia asubiri. Alikuja mara ya pili, tukamtuma kwa Mtunza Fedha. Mtunza Fedha akauliza, "Muhtasari wa kikao u wapi? Hati ya malipo i wapi?" Havikuwapo. Akakataa kulipa, na twakiri mbele yenu kwamba alikataa kwa haki, kwa maana fedha za wanachama hazitoki kwa maneno ya mdomo. Mwenye samaki hakuja mara ya tatu.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata, baada ya hesabu kusomwa na kabla hazijapitishwa, mke wake alisimama. Wengi wenu mlikuwapo, mwayakumbuka maneno yake. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, mume wangu ni mpole, naye amenikataza kusema. Lakini katika hesabu mlizosoma sikusikia samaki. Samaki yule mlimla kwa macho, na sisi tumelala na deni la sare. Je, Chama hula bila kuandika?"

Ukumbi ulinyamaza kimya. Hatukuwa na jibu. Mkutano ukaazimia palepale kwamba mwanachama yule alipwe bei kamili aliyokuwa amepatana na mchuuzi, na jambo hilo liandikwe. Akalipwa siku ileile. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuanza shule nyuma ya wenzake kwa majuma matatu, na majuma hayo hakuna azimio liwezalo kuyarudisha.

Baada ya siku ile tulijiuliza maswali mawili. La kwanza: je, samaki aweza kuhifadhiwa kweli, akakaa ukutani miaka mingi? La pili: hata kama aweza, je, yafaa? Tulisoma na tukauliza wenye kujua. Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi twayaeleza ili mwanachama atakayetaka kujaribu asirudie makosa yetu.

Samaki wa kutundikwa haanikwi mzima. Kinachohifadhiwa ni ngozi, kichwa na mapezi. Nyama yote hutolewa. Kazi huanza mtoni. Samaki asipasuliwe tumbo wala asiburuzwe mchangani, kwa maana magamba yaking'oka hayarudi. Apigwe picha mara moja, kwa sababu rangi ya samaki huanza kufifia dakika chache baada ya kufa. Alazwe juu ya karatasi na umbo lake lichorwe kwa kalamu pembeni yote. Apimwe urefu, na apimwe mzunguko wa mwili mahali pengi. Kisha afungwe kwa kitambaa kibichi, mapezi yakiwa yamelala vizuri, awekwe katika barafu.

Fundi humchana upande mmoja tu, ule utakaoelekea ukutani. Huitenga ngozi na nyama polepole, huikata mifupa ya mapezi kwa ndani ili mapezi yabaki na ngozi yake, kisha hukwangua mafuta yote. Kichwani hutoa macho, ubongo, matamvua, na nyama ya mashavu. Sisi tuliyaacha hayo yote. Ndiyo maana kichwa chetu kilisinyaa na kunuka. Ngozi huoshwa, ikatiwa dawa kama boraksi au shabu ili isioze wala isiliwe na wadudu. Zamani mafundi walitumia sumu ya aseniki. Ilifukuza wadudu, lakini iliwadhuru pia mafundi wenyewe, na hata leo mnyama wa kale aliyehifadhiwa hivyo si wa kushikwashikwa na watoto.

Baada ya hapo fundi huchonga mwili wa bandia kwa kufuata ule mchoro wa karatasi. Wa zamani walitumia mti mwepesi au majani makavu yaliyofungwa kwa uzi. Wa siku hizi hutumia sponji ngumu. Ngozi huvishwa mwili huo na kushonwa kwa nyuma. Mapezi hutandazwa kati ya vipande vya karatasi ngumu na kubanwa mpaka yakauke, ili yasijikunje. Samaki hukauka kivulini kwa majuma kadhaa, si juani. Mwishowe hutiwa jicho la kioo. Na hapa ndipo penye jambo lililotushangaza: ngozi ikikauka huwa ya kikahawia, rangi yote imekwenda, hivyo fundi hulazimika kumpaka samaki rangi upya kuanzia mdomo hadi mkia, kisha humpaka vanishi. Basi huyo mnayemwona aking'aa katika nyumba za matajiri ni ngozi kavu na rangi ya kopo. Na samaki mwenye mafuta mengi, au asiye na magamba kama kambale, humsumbua hata fundi hodari.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza: yawezekana, lakini ni kazi ya fundi, ya gharama na ya siku nyingi. Kwa swali la pili, twaomba mtuvumilie tukiwatoa bondeni kwa dakika chache hadi baharini. Yuko samaki mmoja maarufu kuliko wote waliopata kuhifadhiwa upande huu wa Afrika, na habari yake ilitufundisha.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine, ya nahodha Hendrik Goosen, ilifika bandari ya East London katika Afrika Kusini na samaki wa ajabu, mwenye urefu wa kama mita moja na nusu na uzito wa kilo 57 hivi. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alimwona, akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Lakini ilikuwa siku za Krismasi, na joto lilikuwa kali. Hakupata mahali pa baridi pa kumweka, wala hakuwa na dawa ya kumtosha. Alimfunga kwa nguo na magazeti yaliyoloweshwa formalini kidogo aliyokuwa nayo. Samaki alipoanza kuharibika, hapakuwa na budi fundi amchune na kumjaza. Ngozi ikaokolewa, matumbo na matamvua yakatupwa. Mtaalamu wa samaki, J. L. B. Smith, ambaye bibi huyo alimwandikia barua, alikuwa mbali. Alifika kumwona tarehe 16 Februari 1939. Akatambua kwamba ni silikanti, jamii iliyodhaniwa kuwa ilikwisha kutoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 65. Akampa jina Latimeria, kwa heshima ya bibi yule. Lakini furaha yake ilikuwa na majonzi, maana alikuwa na ngozi tu. Yale ambayo elimu iliyahitaji zaidi, yaani viungo vya ndani, hayakuwapo tena.

Angalieni, ndugu zangu: bibi yule hakukosa, alifanya yote aliyoweza, na bila yeye hata ngozi isingepatikana. Lakini ngozi peke yake haikutosha.

Smith alimtafuta samaki wa pili kwa miaka 14. Alifanyaje? Alipiga chapa matangazo yenye picha ya samaki, yakasambazwa pwani ya mashariki ya Afrika na visiwani, yakisema waziwazi kwamba atakayemleta atapewa pauni 100, na kwamba samaki asikatwe wala asisafishwe. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata. Watu wa Komoro walimjua samaki huyo siku zote, wakimwita gombessa. Samaki akafikishwa kwa nahodha Eric Hunt, akatiwa chumvi kisha formalini, naye Smith akaja kwa ndege kumchukua. Mvuvi alipata zawadi yake.

Sisi tuliposoma habari hiyo tuliona haya. Mtaalamu yule, aliyemtaka samaki kwa shauku kuliko sisi, alitaja bei kwanza, akaiandika, akaitangaza katika lugha kadhaa, na mvuvi akalipwa. Sisi, tuliokuwa na karatasi, kalamu na muhuri mezani, hatukutaja bei kwa jirani yetu aliyesimama mbele yetu na samaki mkononi.

Na ili msidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu: kuanzia mwaka 2003 silikanti walinaswa katika maji yetu wenyewe, upande wa Kilwa na kisha Tanga, na mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga. Hapo nia imekuwa kumhifadhi samaki akiwa hai majini.

Sasa turudi mtoni kwetu. Mwajua kwamba wageni kutoka nchi za mbali huja hata Mnyera na Ruhudji kuvua samaki wa meno kwa fimbo na ndoano, kwa kujifurahisha. Hulipa fedha nyingi kwa safari hiyo. Wengi wetu tulidhani huchukua ngozi zao wakazipeleke kwao. La. Desturi yao ya siku hizi ni kumtoa samaki, kumpima haraka, kumpiga picha, na kumrudisha majini angali hai. Mgeni akitaka sanamu ya samaki wake, humpelekea fundi picha na vipimo, naye fundi humfanya wa faibaglasi. Hivyo kitu kilichomo nyumbani mwake hakijapata kuogelea kamwe; kilicho cha kweli ndani yake ni vipimo. Samaki mwenyewe yumo mtoni, anazaa.

Hatusemi kwamba sisi turudishe samaki majini. Mgeni avua kwa mchezo. Mwanachama wetu avua kwa kitoweo na kwa ada ya shule. Lakini jambo moja twaweza kulichukua kwao: kwamba kumbukumbu ya samaki ni kipimo chake. Ngozi huliwa na wadudu, rangi hupauka, lakini urefu, uzito, tarehe na mahali, vikiandikwa, havipungui. Wazee wetu husimulia samaki wakubwa wa zamani, na vijana huwacheka wakidhani ni hadithi. Laiti babu zetu wangalikuwa na daftari, leo tungejua kama samaki wa mto huu wamepungua ukubwa au ni macho ya utoto tu yaliyowakuza.

Hata asiye na mizani aweza kukisia. Pima urefu kwa sentimita, kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia. Pima mzunguko wa tumbo palipo panene. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha uzidishe kwa urefu, na jibu uligawanye kwa 29,000, utapata kilo. Kwa mfano, samaki wa sentimita 80 mwenye mzunguko wa sentimita 45 atakuwa na kilo 5 na nusu na kidogo. Ni makisio, wala hayashindi mizani. Na kwa samaki mwenye umbo la kambale hayafai sana. Lakini ni bora kuliko kunyosha mikono hewani.

Je, na sura ya samaki? Hapo tulisaidiwa na wavuvi wa Japani. Wao wana ufundi uitwao gyotaku, uliokuwako tangu karne ya 19. Mvuvi humpaka samaki wino upande mmoja, akalaza karatasi juu yake, akaibonyeza kwa vidole taratibu; akiiondoa, sura ya samaki imebaki na magamba yake yote, kwa ukubwa wake hasa, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Huandika tarehe na mahali. Kisha samaki huoshwa, akaliwa. Twarudia, ndugu zangu: akaliwa.

Basi mwaka huu, majuma machache kabla ya sherehe hii, kijana mmoja mwanachama alileta samaki wa meno kwenye mizani ya Chama. Kijana huyo ndiye yule mtoto wa sare. Amemaliza shule, analima mpunga pamoja nasi, ana hisa zake. Samaki wake alikuwa na kilo 6 na robo. Kabla hatujamgusa, tulimwuliza kama aridhia. Alipoitikia, tulimwandikia hati ya malipo ya ruhusa ya kupiga chapa, kwa kiasi kilichokwisha kupitishwa na Bodi, akapokea fedha na kutia sahihi. Ndipo tukamfuta samaki ute, tukampaka masizi yaliyochanganywa na maji ya mchele, vitu visivyo na sumu, tukalaza juu yake kitambaa cha marekani na kukibonyeza. Kazi nzima haikuzidi nusu saa. Samaki akaoshwa, akarudishwa kapuni.

Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuja kumchukua. Alisimama akakitazama kile kitambaa kilichokuwa kikikauka, akahesabu meno kwa kidole bila kukigusa. Kisha akauliza, "Na katika hesabu, yumo?" Mtunza Fedha akamfunulia daftari, akamwonyesha mstari. Akasema, "Haya. Huyu mmemwandika." Akajitwisha kapu lake akaenda zake.

Hicho ndicho kitambaa mnachokiona ukutani. Kina kasoro: mapezi ya chini yalipotoka kidogo, na penye jicho pana doa, maana mikono yetu haijazoea. Lakini urefu wake ni urefu wa kweli, na pembeni yake pameandikwa uzito, tarehe na sehemu ya mto.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, Bodi imetutuma tulete mbele ya Mkutano huu mambo matatu, myakubali au myakatae. La kwanza, liwepo Daftari la Samaki hapa kwenye mizani, na kila samaki wa ajabu aandikwe aina, urefu, mzunguko, uzito, tarehe na mahali, bila kumtoza mwanachama chochote. La pili, Chama kikitaka kitu cho chote cha mwanachama kwa ajili ya sifa ya Chama, kiwe samaki, gunia la mbegu ya maonyesho au kazi ya mikono, bei itajwe kwanza, iandikwe, na ilipwe kabla kitu hakijatoka mkononi mwake. La tatu, ule ubao wa mninga usiondolewe.

Juu ya hilo la tatu baadhi ya viongozi walipinga, wakisema ubao mtupu waaibisha ukumbi. Sisi twaomba ubaki. Viongozi hubadilika, watakuja wengine ambao hawakuwapo siku mama yule aliposimama. Mgeni atawauliza, "Ubao huo ni wa nini?" nao watalazimika kueleza. Chama chetu kina mizani, nacho kimepewa imani ya watu waletao jasho lao mizanini kila mavuno. Yule aliyetuletea kilo 8 na robo alituamini, na kwa mwaka mmoja hatukustahili.

Kwa niaba ya wote tuliokuwa ofisini mwaka ule, twamwomba radhi mwanachama huyo na nyumba yake, mbele yenu nyote na kwa maandishi ya kitabu hiki. Yupo kati yetu leo. Twamshukuru kwa kuwa hakujitoa katika Chama, ingawa alikuwa na sababu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni wetu, ndugu wanachama, twawatakia mavuno mema na maji ya kiasi.